Mzee Peralta na Wanawe Wanne

Mtu akisimama leo katika mji wa San Francisco, huko California, akatazama upande wa mashariki ng'ambo ya ghuba, huona miji iliyoshikamana: Oakland, Berkeley, Alameda na mingine. Bandari kubwa iko pale, na chuo kikuu mashuhuri. Lakini miaka mia mbili iliyopita nchi ile yote ilikuwa malisho ya ng'ombe wa mtu mmoja, jina lake Luis María Peralta. Jinsi alivyoipata, jinsi alivyowagawia wanawe, na jinsi wana walivyoipoteza, ni habari inayompasa kila baba wa jamaa kuisikiliza.

Zawadi ya askari

Luis alizaliwa mwaka 1759 huko Tubac, katika nchi zilizotawaliwa na mfalme wa Hispania. Alikuwa kijana bado alipofika California pamoja na wazazi wake, katika msafara wa kapteni Juan Bautista de Anza. Akawa askari, akatumika zaidi ya miaka 40. Mwaka 1784 alimwoa María Loreto Alviso, wakapata watoto wengi.

Tarehe 3 Agosti 1820 Gavana Pablo Vicente de Solá alimtuza kwa utumishi wake. Alimpa hektari 18,000 hivi, nazo zikaitwa Rancho San Antonio. Mwaka 1821 Mexico ilijitenga na Hispania, lakini serikali mpya haikumnyang'anya mzee shamba lake.

Hata hivyo, tusiwasahau wenyeji wa kwanza, ndio Waohlone. Maelfu ya miaka walikuwa wakivua samaki katika ghuba ile na kuokota matunda ya mialoni. Wengi walikusanywa katika misioni, na maradhi mageni yakawaua kwa wingi. Gavana alipotia sahihi hati ile, wao hawakuulizwa neno. Ardhi iliyotolewa kwa kalamu bila kuwauliza waliokaa juu yake, ilikuja kuondolewa kwa kalamu vilevile.

Ugawaji wa urithi

Mzee mwenyewe alikaa katika mji wa San José. Wanawe ndio walioishi shambani. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe. Merikebu zilifika kununua ngozi na mafuta ya ng'ombe, zikaleta nguo na vyombo. Mipaka haikuwa na ua: upande wa kusini kijito, upande wa kaskazini kilima, magharibi maji ya ghuba. Kila jirani aliijua, na hilo lilitosha.

Mwaka 1842 mzee alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Aligawanya shamba kwa wanawe wanne, asije akafa na kuwaachia ugomvi. Domingo alipewa upande wa kaskazini, ulipo leo mji wa Berkeley. Vicente alipewa nchi ambayo ni katikati ya Oakland ya leo. Antonio María alipata mashariki ya hapo, pamoja na rasi ya Alameda. Ignacio alipata kusini, karibu na San Leandro. Mabinti hawakupewa sehemu katika shamba hilo. Baadaye madai yao yalifikishwa mahakamani, yakashindwa. Lakini kwa muda mrefu wanunuzi wa ardhi hawakuwa na raha.

Dhahabu na wageni

Mwezi wa Januari 1848 dhahabu ilionekana huko Coloma. Siku chache baadaye, tarehe 2 Februari, Mexico iliyoshindwa vitani ilitia sahihi mkataba wa kuiachia Marekani nchi ya California. Mkataba uliahidi kwamba mali ya wenyeji wa Mexico itaheshimiwa. Inasimuliwa kwamba mzee Peralta aliwaonya wanawe wasikimbilie dhahabu, bali walime nafaka, kwa kuwa watu wote hawana budi kula.

Shauri lilikuwa jema, lakini wageni hawakuishia migodini. Walijenga vibanda katika malisho, wakawachinja ng'ombe wa watu, wakauziana viwanja visivyo vyao. Ndivyo mji wa Oakland ulivyoanza: mwanasheria Horace Carpentier na wenzake walikaa juu ya nchi ya Vicente, na mwaka 1852 mji wao ulitambuliwa na serikali.

Mwaka 1851 mzee Luis alifariki. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria: kila mwenye shamba alilopewa na Hispania au Mexico alete ushahidi mbele ya tume kabla miaka miwili haijapita, asiyekuja atapotewa na haki yake. Kesi zilisemwa kwa Kiingereza, nao akina Peralta walikuwa watu wa Kihispania. Wanasheria walidai malipo, kodi nayo ilidai, na fedha za kulipa zilitoka katika ardhi yenyewe. Antonio aliuza Alameda kwa dola 14,000. Vicente na Domingo nao wakauza sehemu kubwa za nchi zao.

Ushindi usio na faida

Je, walishindwa mahakamani? Sivyo. Tume iliwakubalia, na Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha haki yao. Lakini tazameni tarehe. Ignacio alipata hati yake mwaka 1858. Antonio aliipata mwaka 1874. Alipokufa mwaka 1879 alibakiwa na hektari 9 hivi kuizunguka nyumba yake. Hati ya Domingo na Vicente ilitolewa mwaka 1877. Domingo alikuwa amekufa mwaka 1865, na Vicente mwaka 1871.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Akina Peralta walikuwa na daftari, ila lugha ya daftari ilibadilika, na sheria pia. Enyi wazazi, wekeni wazi mipaka na maandishi ya urithi mngali hai, wala msiwasahau mabinti. Enyi wanafunzi, someni kwa bidii, kwani huenda siku moja shamba la jamaa nzima litategemea kijana mmoja anayeweza kusoma hati mpaka mwisho. Nasi sote tukumbuke kwamba haki inayocheleweshwa hadi mwenyewe afe, imempita kaburini.