Mbwa Aliyejengewa Kaburi Nachingwea

Kumjengea mnyama kaburi la mawe si desturi yetu, na kwa wengi wetu watu wa pwani mbwa ni mnyama wa kukaa nje. Walakini huko Nachingwea, kusini mwa nchi, mwaka 1950 mbwa alizikwa kwa heshima, akajengewa ukumbusho wa mawe ya matale na marumaru wenye kibao cha habari za maisha yake. Wanafunzi wetu hapa Kimara waliposikia haya waliuliza kama ni haki. Kabla ya kujibu, yafaa tueleze mbwa huyo alikuwa nani.

Jina lake Judy. Alizaliwa Shanghai, nchi ya China, mwaka 1936, naye alikuwa wa jamii ya mbwa wa kuwinda ambao wanusapo ndege husimama kimya na kuelekeza pua mahali alipojificha. Mabaharia Waingereza walimchukua akae nao katika manowari iitwayo Gnat, kisha akahamia nyingine, Grasshopper. Februari 1942, Singapore ilipokuwa ikitekwa na Wajapani, manowari hiyo ilipigwa mabomu, na waliosalimika wakajikuta kisiwani pasipo maji ya kunywa. Judy akafukua ufukweni, na maji matamu yakatoka.

Baadaye walitekwa wote, wakapelekwa Medan katika kisiwa cha Sumatra. Huko askari mmoja wa jeshi la anga, Frank Williams, alimgawia wali wake, nao wali wenyewe ulikuwa haba. Tangu siku ile wakawa marafiki wa dhati. Walinzi wa kambi walimchukia mbwa, maana aliwabwekea walipowapiga mateka. Williams aliona kwamba asiye na hati hana mtetezi. Basi usiku mmoja, mkuu wa kambi alipokuwa amelewa, alimwendea, akamwahidi kitoto kimoja cha Judy kama akikubali kumwandikisha mbwa kuwa mateka. Akaandikwa kwa namba 81A Medan. Hatujasikia mbwa mwingine aliyeandikwa hivyo na Wajapani.

Juni 1944 mateka walipakiwa melini warudishwe Singapore, na mbwa akakatazwa. Williams alikuwa amekwisha kumfundisha kuingia guniani na kunyamaza. Akambeba begani kama mzigo. Tarehe 26 meli ikapigwa na nyambizi, tena nyambizi ya Waingereza wenyewe, isiyojua ni nani waliomo. Williams alimsukuma mbwa nje kwa tundu la dirisha. Mamia ya watu walikufa, na waliookoka walisimulia jinsi alivyoogelea kati yao, wengine wakimshika ili wasizame.

Vita vilipokwisha alipelekwa Uingereza, na mwaka 1946 akapewa nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama wa vitani. Mwaka 1948 Williams alikuja Tanganyika kufanya kazi katika mpango mkubwa wa kulima karanga, naye Judy akaja pamoja naye. Alikufa tarehe 17 Februari 1950. Williams alimzika na koti lake la jeshi la anga, kisha akatumia muda wa miezi miwili akijenga ukumbusho ule.

Sasa lile swali. Tushukapo mjini kwa Barabara ya Morogoro hata tukafika katikati ya jiji, twaikuta sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, mahali ilipokuwapo sanamu ya Mjerumani Wissmann hata mwaka 1916. Maandishi yake yanawataja askari wa Kiafrika wa vita vya 1914 hata 1918, na wapagazi pia, lakini hayataji jina la mtu hata mmoja. Mbwa ana jina lake juu ya jiwe, mpagazi hana. Kwa maoni yetu si kwamba mbwa alipewa kupita kiasi. Yeye alikuwa na rafiki aliyejua mahali alipofia, mwenye nafasi na mawe. Mpagazi aliyekufa kwa homa au kuhara njiani kuelekea Rufiji alizikwa kwa haraka na watu waliopaswa kuendelea na safari, na nduguze hawakuambiwa ni wapi.

Jina walilotuachia ni la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo vinywa vya watu vililigeuza likawa Kariakoo. Na mahali palipokuwa na kambi yao, leo ni soko.