Je, Kuchemsha Maziwa Kunaondoa Nguvu Zake?

Wazazi wengine hudhani maziwa yakichemshwa hupoteza nguvu. Sivyo. Protini yake kuu, iitwayo kazeini, ni minyororo iliyokusanyika ndani ya vijichembe vidogo mno: elfu tano vikipangwa mstari hufikia kama milimita moja tu.

Wataalamu huvimulika kwa mwanga wa infraredi. Mwanga unaofyonzwa huwaonyesha umbo la minyororo hiyo. Wameona imejikunja kwa ulegevu, ndiyo maana moto wa jikoni hauiharibu. Baadhi ya vitamini hupungua kidogo, lakini vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe hufa.

Basi, ndugu msomaji, awe ng'ombe wa zizini Mbaga au wa malishoni tambarare za Same, maziwa yachemke kwanza, hata yale ya kugandisha.