Nguvu za Kupiga Kasia Zatoka Wapi?

Mtu akipiga kasia kutoka Chokocho kwenda Kisiwa Panza, mikono yake hutumia nguvu nyingi. Twajua nguvu hizo zatokana na chakula. Lakini muhogo ulio tumboni bado si nguvu. Ni kama kuni zisizowashwa.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Ndani ya seli mna majiko madogo, yaani mitokondria. Humo chakula na hewa tunayovuta hugeuzwa kuwa nguvu.

Jiko lina kitabu chake cha maagizo. Maagizo hayo ni jeni, nazo ni 37 tu. Mtoto hukipata kitabu hiki kwa mama yake. Baba hakitoi.

Darasani kwetu kitabu hukaa mezani kwa mwalimu, nasi twanakili ukurasa unaotakiwa. Ndani ya jiko pia yumo mnakili. Yeye ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalum. Nakala anayoitoa huitwa RNA. Jeni 13 hutoa vipuri vya jiko lenyewe. Zilizobaki husaidia kuviunda.

Mwaka 2011 wataalamu walionyesha umbo la mnakili huyu. Ana kama mkono: kiganja, vidole na gumba! Lakini peke yake hawezi kuanza kazi. Msaidizi mmoja huupinda uzi wa jeni, na wa pili huufumua pale pa kuanzia, kama tufumuavyo kamba ya makumbi.

Sasa ndugu wasomaji, sikilizeni hapa. Akizaliwa mtoto mwenye misuli legevu, wapo wanaomnyooshea mama kidole. Wakisikia kitabu cha jiko chatoka kwa mama, watazidi kusema. Lakini jeni inayomtengeneza mnakili haimo katika kitabu hicho. Imo katika kiini cha seli, na kila mtu anazo mbili: moja ya baba, moja ya mama. Mwaka 2021 wataalamu walieleza habari za wagonjwa 8 wa familia 7 wenye kasoro katika jeni hiyo. Miongoni mwao walikuwamo watoto walegevu na waliochelewa kukua. Baadhi yao walikuwa na kasoro katika jeni zote mbili.

Ugonjwa huu ni wa nadra sana. Ulegevu wa mtoto una sababu nyingi nyingine, na baadhi hutibika. Mtoto kama huyo apelekwe kituo cha afya mapema. Na baba naye aende, maana habari za ukoo wake zitaulizwa.