POLISI NA VYOMBO VYAKE VYA KAZI

Leo tutazungumza juu ya askari polisi wa mikoa yetu ya Mbeya na Iringa, na kwa nini pengine huchelewa kufika unapomwita.

Tazama kwanza ukubwa wa nchi. Kila mmoja wa mikoa hii una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Mbeya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2, na Iringa zaidi ya milioni 1. Tena iko barabara kuu iendayo Zambia, yenye malori usiku na mchana. Gari la polisi likienda kwenye ajali ya mlima Kitonga, haliwezi wakati uleule kuwa Pawaga.

Tuseme umeibiwa ng'ombe huko Usangu. Umefika kituoni, askari ameandika habari zako kitabuni na kukupa namba. Halafu anasema, "Gari lipo, ila halina mafuta." Hapo ndipo shida inapoanza. Ukitoa fedha ya mafuta, gari litaondoka. Jirani yako aliyeibiwa jana, naye hana kitu, atangoja. Mvua ya usiku mmoja ikinyesha, nyayo zimefutika na ng'ombe wamevushwa mto. Kesi ikifika mahakamani bila ushahidi, hakimu atamwachilia mshitakiwa. Kijijini watu watasema polisi wamehongwa, kumbe nyayo zilisombwa na maji. Pengine wamehongwa kweli, lakini si kila mara.

Na maisha ya askari mwenyewe je? Mafinga mwezi wa Julai usiku ni baridi kali. Asiye na koti zito atatafuta moto kabla ya kutafuta mwizi. Asiyepata nyumba ya serikali hupanga chumba mtaani. Mwenye nyumba wake akipika gongo, atamkamata asubuhi na kurudi kulala kwake jioni?

Hata hivyo, dhiki haimpi askari ruhusa ya kudai chochote. Fomu namba 3 ya polisi, anayopewa mtu aliyejeruhiwa ili atibiwe, haiuzwi. Dhamana nayo haiuzwi.

Mwaka 2023 tume ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza Jeshi la Polisi lisukwe upya. Nako vijijini watu wamekuwa wakichanga kujenga vituo vya polisi. Mimi naona hilo ni jambo jema, lakini msilichanganye na ile fedha ya mafuta. Mchango wa kijiji una stakabadhi, na kituo ni cha wote. Fedha uliyomtia askari mkononi haina stakabadhi, na imemsaidia mtu mmoja tu.

Kabla ya somo lijalo, kila darasa lihesabu: kutoka kwenu mpaka kituo cha polisi ni kilomita ngapi, na mtu akiitwa usiku afike huko, atakwenda kwa chombo gani? Andikeni majibu madaftarini.