Maumivu ya Taya: Wapi Karafuu Zetu Zafaa, na Wapi Hazifai

Hapana nyumba ya mkulima wa karafuu, Unguja wala Pemba, isiyoijua dawa hii: jino likiuma, punje ya karafuu hutiwa penye tundu, ikang'atwa taratibu, na maumivu yakapoa. Dawa hiyo ni ya kweli. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, ndicho kinachotia ganzi, na waganga wa meno hukichanganya na unga wa zinki oksidi kuzibia jino kwa muda. Lakini kwa kuwa karafuu ni zetu, twaelekea kuzitia kila pauma, na hapo ndipo tulipoonelea tuzungumze na wanachama.

Weka vidole mbele ya masikio, kisha fungua na kufunga kinywa. Utasikia kiungo cha taya kikicheza. Wengi waumwao na taya, maradhi yao yako hapo na katika misuli yake, si katika jino. Huletwa na kusaga meno usingizini, au kubana meno mchana kwa kazi nzito na mawazo (na msimu ukiwa mbaya, nani asiyebana meno?). Wako pia wanaofungua mafundo ya magunia kwa meno. Karafuu haina njia ya kukifikia kiungo hicho. Kujipaka mafuta yake makali shavuni huunguza ngozi tu.

Dawa ya kiungo ni kukipumzisha, na mapumziko yake ni chakula laini kwa wiki mbili tatu. Jikoni kwetu hapana taabu: uji wa mchele, bokoboko, ndizi mbivu, muhogo wa nazi uliopikwa ukavurugika, samaki aliyechambuliwa miba. Matonge yawe madogo. Mahindi ya kuchoma, muwa, kashata, pweza na ubani wa kutafuna viwekwe kando kwanza. Tambuu ni jambo jingine, na twajua wazee wetu hawatapenda kulisikia. Popoo ikitafunwa miaka mingi huweza kukaza nyama za ndani ya mashavu mpaka kinywa kisifunguke, mbali na saratani ya kinywa. Hiyo si ya kuachwa wiki mbili, bali ni ya kuachwa moja kwa moja.

Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikawekwa shavuni kwa dakika 10 au 15, mara kadhaa kwa siku, hulegeza misuli. Ukipiga miayo, zuia kidevu kwa ngumi. Midomo ikifungwa, meno ya juu na ya chini yasigusane. Taya likiteguka, kinywa kikabaki wazi, jirani asilisukume. Mgonjwa apelekwe spitali.

Mwenye jino na atumie mafuta ya karafuu, lakini kwa hadhari: tone moja lililochanganywa na mafuta ya nazi, kwenye pamba, juu ya jino lenyewe. Yakiwa matupu huunguza ufizi. Yasimezwe, na chupa isiachwe mahali mtoto anapofika, kwani mafuta hayo yamepata kudhuru maini ya watoto na kuwatia kifafa. Na jino lililopoa kwa karafuu halijapona. Tundu liko pale pale.

Yako maumivu ya taya yasiyongoja uji wala kitambaa. Taya likiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, au maumivu ya mkono, hasa wa kushoto, huenda ni moyo, na kila dakika ina thamani. Taya likikaza kwa mtu aliyechomwa na msumari au kisiki shambani, huenda ni pepopunda. Mara nyingi hutokea baina ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, pengine kidonda chenyewe kimeshafunga, na huua. Kinga yake ni sindano. Basi mchumaji akijeruhiwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, naye aende akaulize sindano siku hiyo hiyo, hata kama karafuu ziko majamvini na mvua yanukia.