Trela Ikianza Kucheza, Wachana na Breki

Wasee wa Vasha, form tunaijua. Tangu WRC irudi Kenya 2021, wikendi ya Safari Rally pikapu zinashuka Mai Mahiu zikivuta kila kitu: trela ya tenti, trela ya nduthi, ingine imebeba jenereta na spika za mbogi nzima. Nadai hiyo sherehe kama nyinyi, na nadai kila msee afike. So wacha niwachanue kuhusu ngori moja inaangushanga hadi madere wamezoea barabara: trela kuanza kuyumba nyuma yako.

Rada iko hivi. Trela imeshikana na pikapu mahali pamoja tu, kwa ile boli ya chuma ya towbaa, na hapo inajigeuza vile inataka. Lori ikikupita mbio, ama upepo wa pale chini ya Longonot ukupige ubavuni, mkia wa trela unasukumwa upande mmoja. Kama unaenda polepole, tairi zake zinairudisha kwa laini na story inaisha. Kama umekanyaga moto, inarudi na kupitiliza, inaenda upande ule mwingine mbali kushinda mara ya kwanza. Kila kuyumba inazaa ingine kubwa. Na kwa mteremko inakuwa noma zaidi, ju mzigo unakusukuma kutoka nyuma.

Hilux, Ranger na D-Max nyingi za siku hizi zinakujanga na mfumo wa kutuliza hiyo kitu. Ndani ya pikapu kuna sensa inasoma vile bodi inajipinda. Kuna ingine kwa stiaringi, na zingine kwa tairi zote nne. Kompyuta inazisoma pamoja bila kupumzika. Ikiona stiaringi imetulia, lakini pikapu inajipinda kushoto, kulia, kushoto, kwa mdundo uleule, inajua hiyo si kona na hauhepi shimo. Hiyo ni trela. Inashika breki ya tairi ya upande mmoja, inaachilia, inashika ya upande ule mwingine, kila moja kwa time yake ndio ivunje ule mdundo. Hapo hapo inapunguza nguvu ya injini, hata kama mguu wako bado uko kwa mafuta. Utaona taa ikipepesa kwa dashibodi, utasikia breki zikigongagonga, na speed itashuka. Usistuke. Hiyo ni mashine inakupigania.

Lakini kaa rada: huo mfumo unaamka trela ikiwa imeshaanza kucheza. Tena unatumia breki za pikapu yenyewe, so kama tairi zako zimeisha meno ama lami imelowa, hakuna kitu ya kushikilia. Na kuna swichi wasee wanasahau. Ukizama kwa vumbi ya fesh-fesh, unazima VSC, ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze, ndio utoke. Kwa gari mob, ukiizima kabisa unaweza kuwa umezima na ulinzi wa trela. Soma kitabu ya gari yako ujue, na uiwashe kabla urudi lami.

Dawa yenyewe inaanzia kwa keja, mkipakia. Kitu nzito ikae juu ya ekseli ama mbele yake kidogo, kamwe isikae kwa mkia. Drumu ya maji ya lita 200 ni kilo 200. Ukiiweka nyuma kabisa ju ndio rahisi kufungua mfereji, umeinua shingo ya trela na umeipa mkia nguvu ya kukutupa. Kanuni ni hii: shingo ilalie boli na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela ikiwa na kilo 800 na kila kitu ndani, hiyo ni kati ya kilo 80 na 120. Kupima hakuhitaji garage ya doo mob. Paki mahali flati, zuia tairi na mawe, kisha laza shingo juu ya mizani ya posho mill, na kipande ya mbao katikati ndio ikae urefu ule wa boli. Namba ikiwa chini, songesha mzigo mbele upime tena. Ikipita, rudisha nyuma kidogo, na uhakikishe haujapita uzito wenye towbaa yako imeandikiwa. Jaza tairi upepo vizuri, za pikapu na za trela. Kama fundi wa Kariobangi ndiye anakuundia trela, mwambie asikupee shingo fupi, ju hizo hazichelewi kuyumba.

Sasa ikianza kucheza ukiwa barabarani, fanya hivi. Toa mguu kwa mafuta polepole. Shika stiaringi na mikono mbili, straight, usiifukuze trela kushoto na kulia, ju utaiongezea mdundo. Usikanyage breki ya ghafla: pikapu itashikwa, trela itazidi kuja, na hapo ndio inakunja na kukugeuza. Na usiongeze mwendo ukidhani utaivuta inyooke. Kama trela yako ina breki zake za umeme, zishike hizo peke yake, kiasi. Ikitulia, tafuta mahali salama, egesha na upange mzigo upya, ju kitu imeifanya icheze bado iko hapo nyuma.

Kwa ile mteremko ya kwenda Mai Mahiu, ingia gia ndogo kabla ianze, wacha injini ikushikilie, na usishindane na mathree. Wakupite.

Madere wangu, mashine nzuri mko nayo, lakini mzigo ni nyinyi mnapanga na speed ni nyinyi mnachagua. Wikendi hii kabla mtoke Nai, pimeni shingo ya trela. Tuonane Vasha tukiwa wote.