Njia za Kutembea Kando ya Mto Kator: Chagua Njia ya Miguu Mikavu



Wengi wetu huenda Kator kwa miguu. Kuna wanaokwenda kusali kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, kuna wanaofuata bei nafuu katika soko la Konyo Konyo, na kuna wanaotembelea jamaa. Wapo pia wanaotembea kwa ajili ya afya tu, kwa sababu mgonjwa wa presha au wa sukari hushauriwa kutembea angalau nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Kutembea hakuhitaji pesa wala dawa. Swali tunaloulizwa sana ni hili: njia ipi ni rahisi, hasa kwa mzee, mama mjamzito, au mtu anayeumwa magoti?

Jibu linalokuja haraka ni njia ya kando ya mto. Ni tambarare, haina kilima na ina upepo. Lakini bonde la mto lina madimbwi, vijito na sehemu za kinamasi, na humo ndimo yanamopatikana magonjwa kadhaa tunayoyatibu kila mwaka. Kwa hiyo ukichagua njia, usiangalie urefu wake tu. Angalia kama itakufikisha na miguu mikavu.

Maji haya yanatoka wapi?

Mto unaopita Juba ni Nile Nyeupe, ambao hapa huitwa Bahr el Jebel. Unatoka Ziwa Victoria, unapita Ziwa Albert, unaingia Sudan Kusini kule Nimule na kuporomoka kwenye maporomoko ya Fula, kisha unafika Juba. Mbele zaidi, upande wa kaskazini, unatawanyika na kuwa kinamasi kikubwa cha Sudd. Ndiyo maana kiwango cha maji hapa Juba hakitegemei mvua ya Juba peke yake. Mwaka 2020 na tena mwaka 2024 Ziwa Victoria lilijaa kupita kawaida, na maji yake hayana njia nyingine ila hii. Inaweza kupita wiki nzima ya jua kali bila tone la mvua, na bado ukakuta njia uliyopita juzi imefunikwa.

Vijito vidogo, ambavyo watu wa Juba huviita khor, vina tabia nyingine kabisa. Hivi vinategemea mvua iliyonyesha karibu. Asubuhi ni mchanga mkavu na watoto wanacheza mpira, jioni ni maji ya kahawia yanayobeba magogo. Waliowahi kuishi Kakuma wanaujua mto Tarach, hawahitaji kuelezwa. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mwenye mtoto mgongoni huanguka upesi zaidi. Ukikuta khor imejaa, kaa ng'ambo usubiri. Maji ya namna hii mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Msimu wa mvua huanza karibu na mwezi wa nne na kuendelea hadi wa kumi au wa kumi na moja.

Njia zenyewe

Kutoka kanisa kuu hadi Konyo Konyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa mgonjwa anayeanza mazoezi. Ni tambarare, haifiki saa moja, ina watu, na ukichoka utapata kivuli cha kibanda na mtu wa kukupa kiti. Ubaya wake ni bodaboda na matangi ya maji yanayokimbilia mtoni. Tembea ukiyaangalia yanayokuja mbele yako, usiyape mgongo.

Ukitoka sokoni ukashuka mtoni, unaweza kufuata ukingo kuelekea kusini, upande wa daraja la zamani la Juba. Mandhari ni nzuri, na asubuhi na mapema utaona korongo wamesimama kwenye matope kama wazee wa baraza. Lakini ukingo hauko wazi wote. Sehemu nyingine kuna uzio wa hoteli au wa watu binafsi, na ukifika hapo rudi barabarani, usizunguke uzio kwa kuingia majini hata kama wengine wanafanya hivyo. Ukikaribia daraja, usipige picha wala usisimame bila sababu. Ni eneo linalolindwa, na askari hana wajibu wa kujua kwamba wewe unafanya mazoezi.

Upande wa Khor William na Lologo njia ni nzuri wakati wa kiangazi tu. Jina la Khor William lenyewe linakuambia kuna nini. Wakati wa mvua pitia barabara kubwa, hata ikiwa ni mwendo mrefu.

Popote utakapopita, fuata njia iliyokanyagwa na watu. Juba ilikuwa mji wa ngome wakati wa vita vya 1983 hadi 2005, na mabomu ya ardhini yalitegwa kuuzunguka. Mengi yameondolewa, lakini mafuriko yanaweza kuhamisha bomu kutoka lilipokuwa. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu maana yake ni hatari upande ule. Usikate njia kupitia majani marefu, na usiguse chuma usichokijua.

Dimbwi lililotulia ni hatari kwa namna gani?

Watu wengi wanaogopa mto mkubwa na kudharau dimbwi dogo. Wana haki kuogopa mto, kwa kuwa una mamba, na kiboko huja majanini usiku. Lakini kwa upande wa kichocho, dimbwi na ukingo wenye magugu maji ndipo penye hatari zaidi kuliko katikati ya mto penye mkondo.

Kichocho huenezwa hivi. Mtu mwenye ugonjwa anakojoa au anajisaidia majini au karibu na maji. Mayai yanaanguliwa na vijidudu vinatafuta konokono mdogo wa majini, ambaye hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani. Ndani ya konokono vinaongezeka kwa wiki kadhaa, halafu vinatoka kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima kwa dakika chache tu, na unaweza usihisi kitu, au ukawashwa kidogo ukadhani ni nyasi. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Huo ndio wakati watoto wanaogelea na akina mama wanafua. Hata hivyo, hakuna saa ambayo dimbwi ni salama kabisa.

Baada ya wiki au miezi mgonjwa anaweza kuona damu kwenye mkojo au kwenye choo, akaumwa tumbo, akawa mchovu. Kwa wavulana damu kwenye mkojo wakati mwingine huchukuliwa kama dalili ya kukua. Si kweli, ni ugonjwa. Kwa wasichana na wanawake huweza kudhaniwa ni hedhi, au ugonjwa wa zinaa, na mtu akanyamaza kwa aibu. Ukiachwa miaka mingi unaharibu kibofu, ini na viungo vya uzazi.

Kishawishi kikubwa ni samaki. Maji ya mafuriko yakirudi mtoni, kambare hubaki kwenye madimbwi na vijana huingia kuwashika kwa mikono. Hatuwezi kumwambia mwenye njaa aache samaki. Tunachosema ni hiki: vaa mabuti ya mpira ukiyapata, tumia wavu au ndoano ukiwa nchi kavu, na usiwapeleke watoto wadogo. Akala na kandambili hulinda dhidi ya miiba na vyuma, lakini maji huingia, kwa hiyo hazizuii kichocho. Kwa mgonjwa wa sukari viatu ni lazima. Mguu wake unaweza kukatwa na chupa asijue mpaka kidonda kinuke.

Kitu kingine ni mashimo ya wafyatua matofali kando ya mto. Yanajaa maji ya mvua, yana jua la kutosha, na mbu wa malaria hupenda sana maji ya namna hiyo. Yana kingo za utelezi pia, na mtoto akitumbukia hana pa kushika. Ukitembea na watoto, pita mbali na mashimo hayo, na uwe umerudi kabla giza halijaingia. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na kwa usalama pia usiku si wakati wa kuwa mtoni.

Kiu ukiwa njiani

Beba maji yako kutoka nyumbani, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Maji ya mto na ya dimbwi yasinywewe hata yakionekana maangavu. Mwaka 2014 kipindupindu kiliikumba Juba, na kimerudi nchini mara kadhaa baada ya hapo. Kuna pia mnyoo wa Guinea, anayepatikana kwa kunywa maji ya madimbwi yenye viroboto vidogo vya majini. Mwaka 2006 nchi hii ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000, na sasa wamebaki wachache sana kwa mwaka kwa sababu watu walichuja maji kwa kitambaa, na wenye vidonda walizuiwa kuingia kwenye madimbwi. Ukimwona mtu ana lengelenge linalochoma mguuni na anataka kuutuliza majini, mzuie kwa upole na umlete kituoni siku hiyo hiyo.

Kama umeshakanyaga maji

Kujifuta haraka kwa taulo kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikutegemee. Andika tarehe, au ikumbuke kwa tukio. Dawa ya kichocho ni praziquantel, na inaua minyoo iliyokomaa, si ile michanga. Ndiyo maana ukimeza kesho yake haitoshi, na mhudumu anaweza kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa. Ukiona damu usisubiri tarehe yoyote, njoo na umlete mtoto hata kama anacheza vizuri. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mtu, au urefu wake, ambao hupimwa kwa fimbo yenye alama. Kula kitu kabla ya kumeza. Vidonge ni vichungu na vinaweza kuchafua tumbo au kuleta kizunguzungu kwa muda mfupi, hivyo siku hiyo usipange kutembea mbali.